Mji wa Mabwana, Lugha ya Wapagazi: Safari ya Valletta

Msomaji wa jarida hili amezoea kukutana humu na makala juu ya ngeli, viambishi na lahaja zetu za Katanga na Kivu. Leo namwomba ruhusa nimtoe nje ya bara letu, nimfikishe katika bandari moja ya Bahari ya Kati, yaani mji wa Valletta, makao makuu ya nchi ya Malta. Nilialikwa huko kwenye semina fupi juu ya lugha zilizochanganya misamiati, na semina yenyewe ilifanyika katika jengo kuukuu la Chuo Kikuu, mtaa wa Mtakatifu Paulo. Saa zisizo za semina nilizitumia kutembea kwa miguu. Katika kutembea huko nilikutana na swali ambalo halikuwamo katika ratiba yetu, nami nimerudi nalo Lubumbashi.

Swali ni hili. Mji ule ulijengwa na mabwana ambao hawakusema lugha ya wenyeji wala hawakuona haja ya kujifunza. Lugha ya wenyeji ilikuwa ya wapagazi, wapiga makasia, wachonga mawe na wanawake wauza samaki. Leo mabwana wote wameondoka, mmoja baada ya mwingine, na lugha ya wapagazi ndiyo inayosemwa bungeni. Nani aliipandisha? Jibu lake linatugusa sisi tunaofundisha Kiswahili katika Kongo, na si jibu la kufurahisha sehemu zake zote.

Nilipanga chumba Birgu, ng'ambo ya bandari, kwa sababu bei ya huko ilinifaa. Kila asubuhi nilivuka kwa mashua ndogo iitwayo «dgħajsa», ambayo ncha zake mbili zimeinuka juu na ubavu umepakwa rangi kali. Kutoka majini Valletta haionekani kama mji. Inaonekana kama mwamba uliochongwa. Kuta za ngome zinapanda moja kwa moja kutoka baharini, mawe yake yana rangi ya asali, na nyumba juu yake zimepangwa hata huwezi kujua ukuta umeishia wapi na nyumba zimeanzia wapi. Wenyeji huiita bandari hiyo «il-Port il-Kbir», maana yake Bandari Kuu. Tazama jina hilo: neno la kwanza ni la Kilatini, la pili ni la Kiarabu, na kiungo kilichoyafunga pamoja ni cha Kiarabu. Mtu akitaka kueleza historia ya kisiwa kile kwa maneno mawili, hana haja ya kutafuta mengine.

Mwenye mashua alikuwa mzee wa maneno machache. Siku ya pili abiria mmoja mgeni alilalamika juu ya nauli, naye mzee akamgeukia mwenzake akasema kwa sauti ya chini neno «irħis». Niligeuka kama mtu aliyesikia akiitwa jina lake. Rahisi! Kinyume chake wanasema «għali». Tangu hapo sikusikiliza tena injini ya mashua, nilisikiliza midomo ya watu. Bahari kwao ni «baħar», kitabu ni «ktieb», soko ni «suq», dunia ni «dinja», tabibu ni «tabib», saa ni «siegħa». Wakihesabu, sita ni «sitta», saba ni «sebgħa», tisa ni «disgħa». Tena watu hawa ni Wakatoliki tangu karne nyingi, na Mungu wanamwita «Alla». Kwaresima yao ni «Randan», neno ambalo wataalamu wanalirudisha kwenye Ramadani, na Pasaka ni «l-Għid», yaani Idi.

Lakini mwanaisimu anapaswa kujizuia asikimbilie kukumbatiana na kila neno linalofanana na lake. Maneno hayo yametufikia kwa njia mbili zisizo sawa. Kwetu yaliingia kama wageni, kwa biashara na kwa dini, katika nyumba ambayo mihimili yake ilikuwa tayari ya Kibantu. Kwa Wamalta maneno hayo ndiyo mihimili. Waarabu waliteka kisiwa mwaka 870. Wanormani wa Sisilia wakafika mwaka 1091. Katika karne ya 13 Waislamu waliosalia wakafukuzwa au wakageuzwa dini. Dini ya Kiislamu ikaondoka, lugha ikabaki. Baadaye Kisisilia na Kiitaliano vikamwaga maneno mengi humo, hata leo karibu nusu ya msamiati ulioingizwa katika kamusi asili yake ni Kilatini, na kiasi cha thuluthi tu ni Kiarabu. Pamoja na hayo sarufi haikuhama. Neno la Kiitaliano la shule likawa «skola», na wingi wake haukufuata Kiitaliano, ukavunjwa katikati kwa kanuni ya Kiarabu: «skejjel». Ndivyo tulivyofanya nasi upande wetu. Tulichukua kitabu cha Waarabu, tukasikia «ki» mwanzoni, tukatunga vitabu. Na hapa Lubumbashi, neno la Kifaransa la ofisi likawa biro, wingi mabiro, na hakuna aliyekaa mkutano kuamua hivyo. Mfano wa skejjel na vitabu niliutaja katika semina, na kwa mara ya kwanza tangu nifike wasikilizaji walicheka kwa furaha.

Turudi kwenye mji. Mwaka 1530 Karolo wa 5, aliyekuwa pia mfalme wa Sisilia, alilipa kisiwa Shirika la Mtakatifu Yohane wa Yerusalemu, watawa waliokuwa askari, ambao Waturuki wa Dola ya Osmani walikuwa wamewafukuza Rhodes mwaka 1522. Kodi waliyotakiwa kulipa ilikuwa kozi mmoja wa kuwindia kila mwaka. Wamalta wenyewe hawakuulizwa. Mwaka 1565 Waturuki wakaja kukizingira kisiwa, kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa. Ngome ya Sant'Elmo, iliyoko kwenye ncha ya rasi, ilianguka tarehe 23 mwezi wa sita baada ya karibu watetezi wake wote kuuawa, lakini kisiwa hakikuanguka. Mwaka uliofuata, tarehe 28 mwezi wa tatu, Mkuu wa Shirika, Mfaransa Jean de la Valette, akaweka jiwe la kwanza la mji mpya juu ya rasi hiyohiyo. Ramani ilichorwa na mhandisi Mwitaliano, Francesco Laparelli, aliyetumwa na Papa. Aliyeendelea na kazi alikuwa mzaliwa wa kisiwa, Gerolamo Cassar, na mikono iliyochonga mawe ilikuwa ya Wamalta, ya wageni kutoka Sisilia, na ya watumwa. Ndiyo maana njia za Valletta zimenyooka kama mistari ya daftari. Mji huo haukukua, uliamriwa. Anayetoka Lubumbashi, mji uliochorwa na Wabelgiji mwaka 1910 kwa rula hiyohiyo, haoni ugeni akipita katika njia zile, isipokuwa pale zinapogeuka kuwa ngazi.

Jambo lililonishangaza kuliko kuta ni jinsi Shirika lilivyogawanywa. Vikundi vyake viliitwa «lugha». Ndilo neno lenyewe, kwa Kifaransa na kwa Kiitaliano. Palikuwa na lugha ya Provence, ya Auvergne, ya Ufaransa, ya Italia, ya Aragon, ya Castille, ya Ujerumani, na ya Uingereza ambayo ilififia baada ya Waingereza kujitenga na Roma. Kila lugha ilikuwa na nyumba yake kubwa, na nyumba ya Castille, iliyo juu kabisa ya mji, leo ni ofisi ya Waziri Mkuu. Lugha 8 kisiwani, na ya kisiwa chenyewe haimo. Sijui kama pana mfano mwingine ulio wazi kiasi hiki wa neno «lugha» kutumiwa kwa maana ya cheo: mwenye cheo ana lugha, na asiye na cheo ana kelele.

Chini ya nyumba hizo, upande wa bandari, lilikuwako gereza la watumwa. Wengi wao walikuwa Waislamu waliotekwa baharini au katika pwani za Afrika ya kaskazini na Mashariki ya Kati, wakiwemo Waafrika weusi. Mchana walibeba, walichonga, walivuta makasia ya merikebu za Shirika, usiku walifungiwa. Mwaka 1749 walipanga kuasi na kumwua Mkuu wa Shirika, njama ikagunduliwa kabla ya siku yake, na wengi wakauawa hadharani kwa mateso. Watalii wanaoshuka ngazi zile kuelekea majini husimuliwa zaidi habari za mchoro wa Caravaggio wa mwaka 1608, ambao kwa kweli ni wa ajabu, ulioko katika kanisa la Mtakatifu Yohane. Mimi nilisimama mbele yake muda mrefu. Juu ya watumwa mwenye kutuongoza alisema sentensi moja.

Katika magereza na bandari kama hizo ndimo ilimosikika pia ile lugha ya mseto iliyoitwa Lingua Franka, ya maneno ya Kiitaliano na Kihispania yaliyokatwa viambishi vyake, iliyotumiwa na mabaharia, wafanyabiashara na mateka toka Algiers hadi Tunis na Tripoli. Mwaka 1830 Wafaransa walipokwenda kuteka Algiers walichapa Marseille kamusi ndogo ya lugha hiyo kwa ajili ya askari wao. Haikupita muda mrefu ikafa. Ilikuwa na wasemaji wengi mno na haikuwa na watoto. Hakuna mama aliyembembeleza mwanawe kwa Lingua Franka. Wengi wetu tumesoma katika vitabu vya zamani kwamba Kiswahili cha Kongo ni «lingua franca» tu, lugha ya safari na ya soko. Waandishi hao wangefika Kenya au Katuba, mitaa ya Lubumbashi, saa ya jioni, wangesikia akina mama wakiwaita watoto waje kula, na pengine wangetafuta jina lingine.

Mwezi wa sita mwaka 1798 Bonaparte, akiwa njiani kwenda Misri, aliteka Valletta kwa siku chache tu, akalifukuza Shirika, akawaachia huru watumwa, akafunga na Chuo Kikuu. Miezi mitatu baadaye Wamalta wakawaasi Wafaransa. Mwaka 1800 Waingereza wakaingia, na mkataba wa Paris wa mwaka 1814 ukawaachia kisiwa. Ukitaka kuyaona hayo yote bila kufungua kitabu, uliza majina ya barabara kuu ya Valletta. Chini ya Shirika iliitwa Strada San Giorgio. Wafaransa wakaiita Rue Nationale. Ikawa tena Strada Reale, yaani njia ya mfalme, kwa Kiitaliano ingawa mfalme alikuwa Mwingereza, halafu Kingsway, na leo ni «Triq ir-Repubblika», kwa kuwa Malta ilipata uhuru mwaka 1964 na kuwa jamhuri mwaka 1974. Na mji wenyewe, uliopewa jina la Mfaransa, wenyeji hawauiti Valletta wakiwa peke yao. Wanasema «il-Belt», Mji, basi.

Nani basi aliipandisha lugha ya Mji? Ukimwuliza Mmalta atakutajia kwanza Mikiel Anton Vassalli. Alizaliwa mwaka 1764 katika kijiji cha Żebbuġ, akasoma Roma, akatoa sarufi ya Kimalta mwaka 1791 na kamusi mwaka 1796. Dibaji ya kamusi hiyo aliielekeza kwa taifa la Malta, wakati ambapo hapakuwa na taifa wala nia ya mtu yeyote mwenye madaraka kuona linakuwako. Alitaka watu wafundishwe kusoma kwa lugha yao ili wazijue sheria zinazowahukumu. Mwaka 1797 alishikwa katika njama dhidi ya Shirika akafungwa. Waingereza nao wakamhamisha nchi. Alirudi mwaka 1820, na mwaka 1825 akawa profesa wa kwanza wa Kimalta katika Chuo Kikuu. Alifariki mwaka 1829. Kanisa Katoliki likakataa kumzika, na kaburi lake liko katika makaburi ya Waprotestanti, nje kidogo ya kuta za mji, ukitazama bandari nyingine. Nilikwenda. Ni bustani ndogo iliyotunzwa vizuri.

Nasema haya kwa heshima, kwa maana Vassalli alikosea jambo kubwa. Aliamini kwamba Kimalta ni mtoto wa lugha ya Wafoinike wa Karthago. Sivyo, ni mtoto wa Kiarabu cha Sisilia. Kosa hilo liliwapendeza wengi kwa muda mrefu, kwa kuwa Mkatoliki wa Malta aliona afadhali awe mjukuu wa Hanibali kuliko kuwa ndugu wa Mwarabu. Sisi nasi tuna watu wanaotaka Kiswahili kiwe na asili ya namna fulani kabla hawajakubali kukipenda.

Lakini kamusi ya Vassalli haikukipeleka Kimalta mahakamani. Kwa karne nzima baada yake, Kiitaliano kiliendelea kuwa lugha ya mawakili, ya kanisa, ya Chuo Kikuu na ya watu waliojiona wastaarabu. Hao waliita Kimalta lugha ya jikoni. Mkulima alisimama mbele ya hakimu akasikia hatima yake ikijadiliwa kwa maneno asiyoyafahamu, na hakimu alikuwa Mmalta mwenzake. Waliokibadili hicho kitu, na hapa ndipo jibu linapokuwa chungu, walikuwa watawala Waingereza, na hawakufanya hivyo kwa upendo. Walitaka kuuvunja uzito wa Kiitaliano, kwa sababu Italia ilikuwa jirani iliyoungana na kuanza kupata nguvu. Mwaka 1880 Patrick Keenan, aliyetumwa kuchunguza elimu, alishauri Kimalta kitumike kama daraja la kuwafikisha watoto kwenye Kiingereza. Daraja, si nyumba. Ugomvi wa lugha ukadumu zaidi ya miaka 50, ukazaa vyama vya siasa, ukavunja serikali. Mwaka 1934 Kimalta kikatangazwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na katikati ya miaka hiyo ya 1930 Kiitaliano kikapoteza nafasi yake. Kilichobaki cha heshima yake kiliangushwa na ndege za Italia zenyewe, zilizoanza kuitupia Malta mabomu tarehe 11 mwezi wa sita mwaka 1940.

Niliposikia maelezo hayo katika semina nilishindwa kuandika. Nilikuwa nakumbuka Katanga. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya lugha na utawala wa kikoloni, ameeleza jinsi Wabelgiji na kampuni za migodi walivyokichagua Kiswahili kwa wafanyakazi wa Katanga. Sababu mojawapo aliyoiona ni hofu ya Waingereza: vibarua wengi wa mwanzo walitoka kusini, Rhodesia, na pamoja nao zilikuja Kiingereza na lugha ya amri ya migodi ya kusini. Kiswahili kiliwekwa kama ukuta. Huku ni Kimalta dhidi ya Kiitaliano. Kule ni Kiswahili dhidi ya Kiingereza. Bwana mmoja anainua lugha ya mtumishi ili kumzuia bwana mwingine asiingie, na akiisha kumzuia haijali tena lugha hiyo.

Je, lugha iliyopandishwa hivyo si yetu? Wapo wenzetu wanaosema Kiswahili cha Katanga ni mtoto wa kampuni, na kwamba hakistahili kazi ya kisayansi isipokuwa kama mfano wa kuharibika. Mimi nilikuwa nikiwajibu kwa hasira tu. Nilipokuwa darasa la nne, shuleni kwetu mtoto aliyesikika akisema Kiswahili uwanjani alivikwa kipande cha ubao shingoni, naye alitakiwa kumtega mwenzake amkabidhi. Jioni aliyebaki nacho alichapwa. Nilikivaa mara nyingi, na nilijifunza kumtega rafiki yangu kwa kumkanyaga mguu, kwa kuwa hakuna mtu anayelia kwa Kifaransa. Hasira ya namna hiyo haiwi hoja. Valletta ilinipa hoja.

Nayo ni kwamba ukoloni ulifungua mlango kwa sababu zake, lakini haukumsaidia mtu kuvuka. Kabla ya Waingereza kukitangaza Kimalta lugha rasmi, waandishi wenyewe walikuwa wamekwisha kuungana mwaka 1920 katika chama chao, wakakaa wakabishana juu ya herufi. Kila mtu alikuwa akiandika kwa mtindo wake: huyu kwa herufi za Kiitaliano, yule kwa alama alizozibuni. Mwaka 1924 wakatoa kanuni, ambazo Ninu Cremona alizifanyia kazi kubwa, zenye herufi za Kilatini na nyongeza chache kama «ħ», «ġ» na «ż» kwa sauti ambazo Kilatini hakina. Kanuni hizo ndizo serikali ilizozikuta tayari miaka 10 baadaye. Kama zisingalikuwapo, tangazo la mwaka 1934 lingekuwa karatasi tu.

Na kazi haikwisha hapo. Malta ilipoingia katika Umoja wa Ulaya mwaka 2004, Kimalta kikawa mojawapo ya lugha rasmi za Umoja, lugha ya watu wasiofika nusu milioni wakati ule. Ikaonekana mara moja kwamba hapakuwa na wafasiri wa kutosha, ikabidi nchi ipewe miaka 3, hadi 2007, kabla hati zote hazijatakiwa kutoka kwa Kimalta. Heshima ilifika kabla ya watu wa kuibeba. Hata leo si kila kitu ni kizuri: masomo mengi ya Chuo Kikuu ni ya Kiingereza, na katika mitaa fulani ya wenye mali, upande wa Sliema, wazazi huwalea watoto kwa Kiingereza. Mwenzangu mmoja wa semina, Mmalta, aliniuliza kwetu hali ikoje. Nikamwambia katiba yetu ya mwaka 2006 inataja lugha nne za taifa, Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba, na lugha rasmi ni Kifaransa. Akauliza: Hakimu anahukumu kwa ipi? Nikamjibu. Akatikisa kichwa, akasema babu yake angeielewa nchi yangu vizuri.

Siku ya mwisho alinipeleka hadi kwenye nyumba ya nyaraka za manotari. Huko, katika daftari la karne ya 16 lililojaa mikataba ya mashamba na mahari, mwaka 1966 mwanahistoria Godfrey Wettinger na padre Mikiel Fsadni waligundua shairi la mistari 20 la Pietru Caxaro, aliyefariki mwaka 1485. Ndilo andiko refu la kwanza la Kimalta linalojulikana. Ndani yake mtu analalamika kwamba nyumba aliyotaka kuijenga imeporomoka kwa kuwa msingi wake ulikuwa udongo mbovu. Zaidi ya miaka 400 lilikaa kati ya mikataba ya Kilatini, kwa sababu notari fulani, wa ukoo uleule, alipenda kulinakili pale. Hakuna aliyelitafuta, maana kila mtu alijua kwamba lugha ya jikoni haikuwa na maandishi ya zamani.

Sisi tunayo moja ya namna hiyo, na inafahamika kwa wasomaji wa jarida hili: Vocabulaire ya mji wa Elisabethville, iliyoandikwa na André Yav mwaka 1965 kwa ajili ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani. Ni historia ya mji wetu, kwa Kiswahili cha mji wetu, iliyotoka jikoni hasa. Tungekuwa nayo tu kama si watafiti waliokuja kuiokota? Sina hakika. Niliporudi niliwaomba wanafunzi wangu wa mwaka wa pili watafute majumbani mwao karatasi yoyote ya Kiswahili iliyoandikwa kabla ya 1960: barua, hesabu, sala, hirizi, chochote. Wengi walirudi mikono mitupu na visingizio vya mvua na mchwa. Msichana mmoja alileta daftari la babu wa baba yake, aliyekuwa mpishi wa Mbelgiji mmoja. Ni hesabu za soko: sabuni, sukari, mafuta, chumvi, na bei pembeni kwa faranga. Lakini kwenye kurasa tatu za mwisho mpishi ameacha kuhesabu, ameanza kusimulia jambo, kwa penseli, bila nukta wala herufi kubwa. Tumenakili kurasa mbili. Ya tatu imeliwa pembeni, na neno la kwanza hatujalisoma bado. Msichana anaona ni «nyumba», mimi naona ni «nyuma».